Hizi programu za "kurekebisha jedwali lolote la MySQL" ni wizi mtupu

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Wiki iliyopita umeme ulikatika kwenye duka la vifaa vya ujenzi ninalolihudumia. Betri ya UPS ilishakufa zamani, nilisema, nikaambiwa "tutaona". Haya, tumeona. Umeme umerudi, MySQL, programu inayotunza data za duka, imegoma kuwaka, logi inalalamika kuna ukurasa (kipande cha faili ya data) ulioharibika kwenye jedwali la mauzo. Bekapu ya mwisho ina wiki tatu. Wateja wa saruji wamejaa mlangoni, mwenye duka ananipumulia kisogoni.

Kwa presha hiyo nikaingia mkenge. Nikapakua programu moja ya kulipia, toleo la majaribio likanionyesha majina ya majedwali yote, kijani kibichi, "yanaweza kuokolewa". Nikalipa kwa kadi yangu mwenyewe. Kubonyeza kitufe cha kuokoa, inaniuliza faili za .frm (zile zilizokuwa zinahifadhi muundo wa kila jedwali) ziko wapi.

Faili za .frm! MySQL ilizitupa tangu toleo la 8.0, mwaka 2018! Na kwenye ukurasa wao wameandika "matoleo yote". Nimewaandikia, wamenijibu kwa upole kabisa: tafadhali tutumie faili za .frm.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyeniuliza swali moja la maana kabla ya kuchukua hela: jedwali lako ni MyISAM au InnoDB? Hizo ni injini, yaani namna mbili za MySQL kuhifadhi jedwali, na hapo ndipo kila kitu kinapoanzia. Kama ni MyISAM, amri ya REPAIR TABLE ipo bure, programu ya myisamchk ipo bure, ila hiyo ya pili uzime seva kwanza. InnoDB haina REPAIR TABLE kabisa, ukiiamuru inakujibu injini haiwezi. Na InnoDB ndiyo injini ya kawaida tangu toleo la 5.5, kwa hiyo wengi wetu humu ndiyo tunayo. Sasa hao wanaouza "kurekebisha lolote" wanarekebisha nini?

Nimeishia kufanya mwenyewe usiku. Nimezima seva, nimenakili folda nzima ya data kwenye diski nyingine, nikaweka innodb_force_recovery=1 (mpangilio wa kuilazimisha seva iwake hata data ikiwa imeharibika, ngazi ni 1 hadi 6). Ikawaka. Majedwali mengine yametoka kwa mysqldump (programu ya kutoa data kwenda kwenye faili) bila shida. La mauzo lilikuwa linaiangusha seva kila likifika sehemu ileile, nikawa nalitoa vipandevipande kwa namba za risiti kutumia chaguo lake la --where, nikiruka pale palipooza. Kisha nikapandisha yote kwenye seva mpya. Shilingi sifuri.

Na nyie mnaowashauri watu "weka innodb_force_recovery=6 tu, itawaka", acheni! Hiyo siyo spidi ya pangaboi. Unaanza na 1, unapanda moja moja, na kuanzia 4 unaweza kuharibu data moja kwa moja, nyaraka za MySQL zenyewe zinasema hivyo. Kuna mtu atafanya hivyo kwenye nakala pekee aliyonayo, halafu mtampa pole.

Mauzo ya karibu nusu siku hayajapatikana, dada wa kaunta anayaingiza upya kutoka kwenye vitabu vya risiti.

Kuna yeyote humu aliyewahi kurudishiwa hela na hawa wauzaji? Alipitia benki au aliwabana wenyewe?