Warsha za katuni hapa Dar: kila mtu analipwa isipokuwa anayechora

Wakuu, salamu kwenu. Nimevumilia vya kutosha, leo acha niseme. Mods, nawaomba uzi huu msiutupe kule kwenye burudani, hapa tunaongelea jasho la watu.

Hizi warsha za katuni na vibonzo zinazofanyika mjini, sijui "kukuza vipaji", sijui "kalamu kwa mabadiliko", zimeshageuka njia ya watu kupigia hela kwa mgongo wa wachoraji. Hebu tuhesabu pamoja. Mwenye ukumbi analipwa. Mama wa chai na sambusa analipwa, na alipwe, sambusa zake zina nyama kweli. Mpiga picha, mshereheshaji, fundi wa vipaza sauti, aliyechapa lile bango la kusimama pale mlangoni, wote wameleta hati za madai. Dereva wa mgeni rasmi ana posho. Ukija kwa yule aliyeinama na kalamu kutwa nzima, ambaye bila yeye hakuna warsha ya katuni, anaambiwa: "Nauli elfu kumi, saini hapa." Na cheti juu.

Mchezo wenyewe uko kwenye hiyo "saini hapa". Karatasi zinakuja mbili zimebanwa pini. Ya juu ni mahudhurio: jina, simu, umri, jinsia, saini. Ya chini ni ya Kiingereza, ingawa siku nzima tumefundishana kwa Kiswahili, na inasema kazi zote zitakazochorwa kwenye warsha ni mali ya mradi, mradi una ruhusa ya kuzitumia, kuzibadilisha na kuzichapisha popote bila malipo zaidi. Zaidi ya malipo yapi, ndugu zangu? Niliuliza palepale. Dada wa mapokezi akanijibu kwa upole kabisa kwamba hiyo inahusu picha za kamera tu, wafadhili wanataka ushahidi kwamba watu walikuja. Nyuma yangu foleni inasukuma, chai inapoa.

Miezi ikapita. Nikaingia ofisi ya serikali ya mtaa kufuata barua ya utambulisho, nainua macho ukutani naona kalenda, na kwenye kalenda naona mchoro wangu. Mama muuza mihogo, mgambo ameshika beseni lake, watoto wamepanda ukuta wanachungulia. Kila mstari naujua. Chini kuna nembo tano zimepangwa kwa rangi zake. Kona ya chini kulia, nilipokuwa nimeandika jina langu, picha imekatwa, umebaki mkia tu wa herufi ya mwisho. Halafu kiputo cha maneno! Mama yule nilimchora akimuuliza mgambo, "Baba, na beseni nalo lina ushuru?" Sasa hivi anasema, "Tushirikiane kuuweka mji wetu safi." Yaani mtu ananyang'anywa mtaji wake huku anamshukuru anayemnyang'anya.

Nikampigia mwandaaji. Kwa furaha kabisa: "Kaka, hongera, si umeona kazi imefika mbali?" Nikamuuliza jina langu limekwenda wapi. Akasema lilikuwa linaharibu mpangilio. Nembo tano hazikuharibu mpangilio, jina la mchoraji lenye ukubwa wa punje ya mchele ndilo lililoharibu!

Kwa taarifa yenu mnaojiandaa kuja na "si ulisaini": Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapotungwa, huhitaji hata kuisajili kwanza. Ulinzi huo unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Na mbali na mambo ya hela, mtunzi ana haki ya kutajwa kuwa kazi ni yake, na ya kupinga inapopotoshwa. Kukata jina na kumbadilishia mhusika maneno vinagusa hapo hapo. Mwaka mzima wanaendesha semina za "uelewa wa haki", haki za kila kiumbe, lakini sijaona hata moja ya katuni ambayo mtu wa ofisi ya hakimiliki ameletwa akae na wachoraji, awaonyeshe mkataba wa kawaida unafananaje na bei ya ukurasa inawekwaje.

Badala yake tunafundishwa kuchora kichwa. Kila mwaka. "Anza na duara, weka mstari wa macho." Ukumbini yupo bwana anayechora magazetini tangu enzi za kubandika michoro kwa gundi, amekalishwa meza moja na mtoto wa kidato cha pili, wote wanachora duara. Mtoto anastahili duara lake, simkatazi. Lakini huyu mwingine naye ameitwa kufanya nini? Kujaza idadi ya washiriki kwenye ripoti.

Tukija kwenye yale "mazungumzo na mkongwe" ndiyo utalia kabisa. Bango linasema saa nne asubuhi. Mgeni rasmi anafika saa sita na nusu. Utambulisho wa meza kuu, salamu za mfadhili, salamu za mwakilishi wa mfadhili mwenza, ngoma. Mzee anapewa maiki watu wameshaanza kunusa pilau. Swali la kwanza kutoka kwa mwendesha mazungumzo: "Mzee wetu, katuni inawasaidiaje vijana kujiajiri?" Jamani! Huyu ni mtu wa kizazi kilichochora Sani, gazeti ambalo vijana walikuwa wanaazimana mpaka linachakaa, la wahusika kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Pimbi. Kabla yao alikuwepo mhusika Chakubanga wa mchoraji Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, ambaye watu walikuwa wanamtafuta kwanza kabla ya habari za mbele. Nilitaka kujua mhusika mmoja anabebwaje wiki hadi wiki bila kuchosha, mhariri alikuwa akifuta nini, walikuwa wanalipwa kwa ukurasa au kwa toleo, karatasi ilipoadimika walifanyaje. Mzee mwenyewe alikuwa amekuja na bahasha ya kaki ina michoro yake ya asili, wino mweusi na chokaa nyeupe alipokuwa anasahihisha makosa. Haikufunguliwa. Muda ukaisha, wakapiga picha ya pamoja, akapewa fulana.

Michoro ile ikipotea nani atailipa? Tuna nchi ambayo hadithi za picha zilisomwa na mafundi, makuli na wanafunzi, nyingine zimebaki kwenye maboksi ya mashine za kusaga na vinyozi, na kila anayeandika bajeti ya warsha anaweka fungu la vitafunwa, hakuna anayeweka fungu la kuskani.

Halafu kuna mambo hayaguswi. Utasikia "katuni ni sauti ya jamii" hadi masikio yaume, lakini usiulize mtu akichora akaitwa polisi anampigia nani. Mchora katuni Gado, aliyezaliwa hapahapa Dar akaenda Nairobi mwaka 1992 kuchorea gazeti la Nation, alichora katuni ya Rais wa wakati ule, Kikwete, ikatoka kwenye gazeti la The EastAfrican. Januari 2015 gazeti likazuiwa kusambazwa nchini, sababu rasmi ikawa usajili. Mwaka 2016 mkataba wake Nation haukuendelea. Mwaka 2021 mchoraji mwingine alikamatwa hapa Dar kwa katuni aliyoiweka Instagram. Hiyo ndiyo mada wachoraji wananong'ona wakiwa kwenye chai. Maiki ikirudi, tunarudi kwenye usafi wa mazingira.

Sisemi hela za miradi ni haramu. Bila mabango ya malaria, vitabu vya UKIMWI na katuni za elimu, wachoraji wengi wa nchi hii wangekuwa wameshaacha kalamu. Kazi ya kuagizwa ina heshima yake: unaambiwa mada, unakubaliana bei, unalipwa, mwisho. (Wakilipa watakudai risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, kana kwamba una duka Kariakoo, lakini hilo lina uzi wake.) Ninachokataa ni kuagiza kazi huku unaiita mafunzo. Ukiwakusanya wachoraji ishirini ukawapa mada yako, muda wako wa mwisho na vipimo vya karatasi yako, kisha ukaondoka na michoro ishirini, hiyo ni oda. Lipa oda.

Na msiniambie wafadhili hawajui. Wengi wanatoka Ulaya na kwao wanayajua haya vizuri. Ufaransa, kile Kituo cha Taifa cha Kitabu, CNL, kiliweka sharti kwamba tamasha linalotaka ruzuku yake lazima liwalipe waandishi na wachoraji wanaopandishwa jukwaani. Na wachoraji wa kule hawakunyamaza: Januari 2020 waligomea kusaini vitabu kwa muda kwenye tamasha la Angoulême, lile maarufu la vibonzo, kupinga wanavyolipwa. Sasa hela ileile ikivuka bahari kuja Upanga au Mikocheni, sharti linadondokea wapi njiani?

Jirani zetu Kenya nao hawako peponi, lakini Shujaaz ilipoanza mwaka 2010 ilikuwa ni kitabu cha vibonzo kinatoka kila mwezi, bure, ndani ya gazeti, lugha ya mtaani, na nyuma yake wachoraji wameajiriwa kuchora. Hela za wafadhili hizohizo! Tofauti ni kwamba mwisho wa mwezi msomaji anashika kitu mkononi. Sisi mwisho wa mwezi tuna picha ya pamoja.

Najua watakuja wa "koneksheni". Eti ukienda utajulikana. Nitajulikana na nani, na jina mmelikata? Na watakuja wa "wasanii hamna shukrani, kama hutaki usiende". Ndiyo hivyo, wengine tumeacha kwenda, ndiyo maana siku hizi wanawafuata watoto wa sekondari, ambao hawaulizi karatasi ya pili ni ya nini. Wazazi mlioko humu, mtoto akirudi na fomu ya warsha ya kuchora, isomeni hadi mwisho, na kama ni ya Kiingereza daini ya Kiswahili.

Mwandaaji simtaji, msinisumbue PM. Hayuko peke yake, na nikimtaja mmoja wengine watapumua.

Ninachotaka kwenu ni hiki. Aliyewahi kusaini fomu ya namna hii aweke hapa picha yake, afunike majina na namba za simu, tulinganishe maneno yaliyomo. Kama kuna mwanasheria anayeshughulika na hakimiliki, atuambie fomu iliyosainiwa kwenye foleni ya chai, kwa lugha ambayo haikutumika kufundishia, ina nguvu gani mbele ya mahakama. Na yeyote mwenye ile kalenda, ageuze hadi Agosti, apige picha ile kona ya chini kulia kwa karibu, ailete.