Mvua ya Mei ndogo ila mto umejaa, nahesabuje maji ya Mbarali kwa data za kuungaunga?

MtuWaChimala: Wakuu habari za saa hizi. Nakadiria maji ya mto Mbarali, kule Usangu, mwezi kwa mwezi. Nina geji moja (kipimo cha kina cha maji mtoni) ya miaka 6 yenye mapengo, na mvua ya kituo kimoja tu kiko huku tambarare. Sasa Mei mvua mm 20 mto umetoa mm 45 (maji yake yakitandazwa bonde zima), afu Desemba mvua mm 150 na mto hata haujashtuka! Maji ya Mei yametoka wapi?

Pima_Maji: Hujakosea mkuu. Desemba ardhi imekauka tangu Juni, inakunywa kwanza, mto unapata kinachobaki, ikifika Aprili udongo ushashiba ndo Mei unaachia taratibu. Kwa hiyo anza mwaka wako Novemba, sio Januari, na hesabu uweke akiba ya udongo: mvua toa mvukizo toa mto, kinachobaki kinahamia mwezi unaofuata. Jaribu GR2M, modeli ya kukadiria maji ya mto mwezi kwa mwezi, ina vigezo 2 tu vya kurekebisha, ukichukua modeli ya vigezo 15 kwa data ya miaka 6 itakaa vizuri kwenye grafu afu ikudanganye. Mvukizo tumia fomula ya Hargreaves, inataka joto la juu na la chini, mionzi unaipata kwa latitudo na tarehe. Cheki na yuniti pia: bonde la kilomita za mraba 1,500, kyubiki mita 10 kwa sekunde kwa siku 30 ni kama mm 17.

BintiUsangu: Naongezea, mvua ya tambarare haiwakilishi milimani kabisa, huko ndo mto unakozaliwa. Chukua CHIRPS, data ya mvua ya satelaiti na vituo, ipo tangu 1981, kila kipande kama kilomita 5, ila ilinganishe kwanza na kituo chako. Na geji iko juu au chini ya mabanio ya mpunga? Maana Ruaha Mkuu wenyewe tangu 1993 unakauka kiangazi ukifika Hifadhi ya Ruaha, ukipima chini ya mabanio unapima kilichobakishwa na mashamba.

MtuWaChimala: Iko juu ya mabanio dada, asante. Ila nimefungua daftari la msomaji wa geji sasa hivi, Machi siku 11 mfululizo kina cha maji ni 0.86, 0.86, 0.86, na mvua ilikuwa inapiga!

BintiUsangu: Hizo futa kaka, acha pengo. Machi ndo mwezi wa mafuriko, ukiziacha modeli itajifunza kwamba mto haupandi.