Kichwa cha treni ya modeli cha bei nafuu: nitajuaje kama kina thamani?

Mwalimu_Menengai (Nakuru)

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa fizikia huku Njoro. Klabu yetu ya sayansi imetengewa shilingi 12,000, na wanafunzi wamekubaliana wanataka reli ya modeli ya umeme, ile ya kupangwa mezani, ili wapime mwendo, volti na nguvu ya kuvuta. Nimezunguka Nakuru mjini na nimekutana na vitu vitatu.

Cha kwanza ni seti mpya ya betri dukani, 3,500, yenye reli za plastiki, taa na sauti ya honi. Cha pili ni kichwa cha mvuke chenye magurudumu sita, kilichotoka Uingereza kwenye mitumba ya vitu vya kuchezea. Hakina boksi wala reli. Muuzaji anataka 4,000 na anaapa kwamba kilikuwa kinatembea. Cha tatu ni seti ya Kimarekani: kichwa cha dizeli, mabehewa matatu, reli za kutosha kufanya duara na transfoma yake, vyote ndani ya boksi, 9,000.

Kwa macho, hicho cha tatu kinapendeza kuliko vyote. Rangi imekaa vizuri, hata namba ndogo za ubavuni zinasomeka. Lakini nikilipa pesa za wanafunzi nataka nijue nalipia nini. Mtu anayevijua huangalia wapi kwanza? Na je, kile cha Uingereza kitatembea kwenye reli za Mmarekani?

Dereva_Milimani (Kisumu)

Mwalimu, chukua ya betri. Watoto wanataka kitu kinachozunguka na kupiga honi, na hakuna waya wa kuwapiga shoti. Pesa itakayobaki nunua vifaa vingine vya maabara.

Fundi_Kibuye (Kisumu)

Mwalimu, kabla ya neno lingine lolote: transfoma ya hiyo seti ya Kimarekani usiichomeke ukutani. Igeuze usome chini yake. Ikiwa imeandikwa 120V 60Hz, stima yetu ya 240V itaiunguza, na kabla haijaungua itamwaga kwenye reli volti mara mbili ya zile zinazotakiwa. Kwa hiyo hiyo 9,000 ihesabu kuwa bei ya kichwa, mabehewa na reli peke yake.

Reli zitaingiliana. Modeli za Uingereza huwa za kipimo cha OO, yaani 1:76, na za Marekani na bara Ulaya huwa HO, 1:87, lakini zote hukimbia juu ya reli ya upana wa milimita 16.5, kwa volti 12 za DC. Kimoja kitaonekana kinene kidogo kando ya mwenzake, na ndoano za mabehewa huenda zisishikane. Hilo halizuii masomo yako.

Sasa thamani. Kazi yangu ni redio na vyerehani, na vichwa hivi huletwa mezani kwangu na watu wanaoviokota sokoni. Ninachokishikilia ni kwamba kichwa hupimwa kwa mwendo wa polepole. Kukimbia, hata kibovu hukimbia. Muuzaji atakipa volti zote 12, kizunguke meza mbio, utabasamu, utoe M-Pesa. Wewe mwambie apunguze hadi volti 3. Kizuri kitatambaa kama kinyonga, taruma baada ya taruma, bila kushtuka. Kibaya kitanguruma pale pale kiliposimama, halafu kitaruka ghafla.

Kikiruka, angalia magurudumu kwanza. Umeme huingilia hapo, reli ya kulia waya mmoja, ya kushoto waya mwingine. Waundaji wa vichwa vya bei ya chini hubania pesa mahali hapo: magurudumu machache tu ndiyo yanayokusanya umeme, na baadhi ya mengine yamevalishwa pete ya mpira yasiteleze. Mpira husaidia kuvuta lakini haupitishi umeme, na kichwa kifupi cha namna hiyo kikikanyaga kipande cha plastiki kwenye njia panda ya reli kinazima. Kigeuze chali uhesabu magurudumu yenye kijibamba cha shaba kinachoyagusa kwa nyuma. Kwenye vingine umeme hupitia ekseli yenyewe, kwa hiyo usipoviona vijibamba pima kwa multimita. Kama magurudumu yote au karibu yote yanakusanya, hicho ni cha kununua hata kama rangi imechubuka.

Cha pili ni gia, na gia husikilizwa. Mngurumo wa sawasawa haunisumbui. Ukisikia tak, tak, tak inayofuata mzunguko wa gurudumu, gia ya plastiki imepasuka kwenye ekseli. Na usikisukume kwa kidole ili kukijaribu. Vichwa vingi vina gia ya parafujo: mota huzungusha gurudumu, gurudumu haliwezi kuzungusha mota. Ukilazimisha unakata meno.

Majuzi kijana mmoja aliniletea kichwa cha dizeli alichokipata hapa soko la Kibuye, kimegoma kabisa. Skrubu mbili tu, gamba likatoka. Ekseli ya mbele ilikuwa imesokotwa nyuzi za zulia, nyekundu na kijivu, zimekazana hadi gia haionekani. Kilichezewa sakafuni kwa miaka, nyumbani kwa mtu huko Ulaya. Nilizikata kwa wembe nikazivuta kwa kibano, nikasafisha komyuteta, yaani pete ya shaba ya mota inayoguswa na brashi, kwa pamba na spiriti ya isopropili, nikatia tone moja la mafuta mepesi kila mwisho wa shafti. Kikaanza kutembea kwa volti chini ya 4. Yule kijana alikuwa amekinunua kwa bei ya vipuri.

Ndiyo maana kwetu huku swali langu la kwanza huwa: kinafunguka? Mzungu wa London kikimharibikia anatuma bahasha, kesho kutwa gia imefika. Sisi gia yaweza kuchukua wiki kadhaa, na gharama ya posta ikapita bei ya gia yenyewe. Kichwa chenye skrubu, chenye brashi za mota unazoweza kuzichomoa, na chenye waya unazoweza kuzifuata kwa macho, kina thamani kubwa Kisumu au Nakuru kuliko kipya kilichogandishwa kwa gundi. Urembo uweke mwisho. Vishikio vya mlangoni viwe vimepachikwa kimoja kimoja au vimechorwa tu kwenye bodi, havivuti behewa. Hata kampuni zenyewe zinalijua hilo: Hornby wa Uingereza wana familia yao ya bei nafuu, RailRoad, na Piko wa Ujerumani wana Hobby, na sehemu kubwa ya wanachopunguza ni urembo.

Dereva, ndugu yangu, kwa mtoto wa nyumbani ningekubaliana nawe. Lakini reli ya plastiki haipitishi umeme. Mwalimu anataka abadilishe volti apime mwendo, na kwenye treni ya betri hana mahali pa kushika. Shoti nayo usiiogope, volti 12 za DC hazimrushi mtu.

Mwalimu, rudi sokoni na betri ya 9V ya mstatili, waya mbili, multimita, na ile mizani ya springi ya maabara. Gusisha waya kwenye magurudumu ya kulia na kushoto: kiende mbele. Badilisha waya: kirudi nyuma. Multimita kati ya pande mbili isome ohm chache hadi makumi. Ikisoma sifuri kuna shoti ndani, isiposoma kitu brashi hazigusi au waya umekatika. Tazama tumboni kama kuna ulimi mrefu wa chuma katikati. Ukiuona, hicho ni cha mfumo wa reli tatu wa AC, kama vile vya Märklin, na hakitakufaa. Kagua chasi pia. Aloi ya zinki iliyoingiwa na risasi wakati wa kuyeyushwa huoza kutoka ndani, huvimba na kupasuka. Ufa wa namna hiyo hauna dawa, mwachie mwenyewe.

Mwisho, funga mizani kwenye ndoano na ukiache kivute. Kichwa kisicho na mpira huvuta takriban robo ya uzito wake. Cha muhimu ni kitakachotokea kikishindwa: magurudumu yateleze mahali pamoja huku mota ikizunguka. Yakisimama, mota imezidiwa. Ondoa waya mara moja, kabla hujanusa vanishi ya waya za mota ikiungua.

Mama_Timboroa

Shikamoo Fundi. Mwanangu ana miaka kumi na mmoja, na tangu treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu irudi Desemba 2021 hana habari nyingine. Alipoiona Garratt, kile kichwa kikubwa cha mvuke, kwenye makumbusho ya reli Nairobi akasema anataka hiyo hiyo, si ya Uingereza wala Marekani. Inapatikana ya bei nafuu?

Fundi_Kibuye (Kisumu)

Marahaba mama. Kijana ana jicho. Zile Garratt za daraja la 59 zilitengenezwa na Beyer, Peacock kule Manchester, 34 zote, miaka ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima. Ugumu ni reli yetu. Ina upana wa mita moja, na kwa kipimo cha 1:87 hiyo inakuwa milimita 11.5, kwa hiyo watu hutumia reli ya milimita 12. Kampuni kama Bemo hutengeneza treni za Uswisi za upana huo, na bei yake si ya kuanzia. Mnunulie kichwa imara cha milimita 16.5, bodi ya Garratt aijenge mwenyewe kwa kadibodi. Chini kiwe cha kununua, juu kiwe cha kwake.

Mwalimu_Menengai (Nakuru)

Nimerudi sokoni na kila ulichosema. Transfoma ni 120V 60Hz kweli, imeandikwa chini kwa herufi ndogo.

Kichwa cha mvuke: kimepigwa vumbi na bomba moja limevunjika, lakini kilienda mbele na nyuma kwa betri bila kusita. Magurudumu yote sita yana kijibamba. Kwenye mizani ya duka la jirani kina gramu 190. Kilivuta niutoni 0.4 halafu magurudumu yakateleza, mota ikiendelea. Skrubu moja chini, chasi haina ufa.

Kichwa cha dizeli: kwa 9V ni laini. Lakini betri yangu nyingine iliyochoka ilipokipunguza mwendo, niliisikia hiyo tak, tak yako waziwazi. Muuzaji anasema ni kawaida yake.

Fundi_Kibuye (Kisumu)

Cha mvuke chukua leo. Gramu 190 ni karibu niutoni 1.9, na 0.4 ni zaidi kidogo ya moja ya tano. Kwa kichwa kisicho na mpira hiyo ni afya nzuri. Anza na 3,000 na usipite 3,500. Bomba mtachonga.

Dizeli si mbaya, lakini hiyo tak si kawaida yake. Ni gia iliyopasuka, na supergluu haishiki kwenye plastiki ya gia hizo. Inabadilishwa, gurudumu likitolewa kwenye ekseli. Kwa hiyo mwambie muuzaji: transfoma haifai Kenya, gia imepasuka, nakupa 6,000 kwa kila kitu. Akikataa, muulize bei ya reli na mabehewa bila kichwa. Kabla hujalipia reli zigusishe sumaku. Zikinasa ni chuma, zitashika kutu. Zikiwa za manjano ni brasi ya kawaida, mtazisafisha mara kwa mara. Zikiwa na weupe na sumaku haishiki, ni nikeli-silva, aloi ya shaba na nikeli, hizo lipa bila kubishana sana.

Umeme utengeneze shuleni, wanafunzi walehemu wenyewe. Chaja ya laptopu ya 19V, saketi moja ya LM317, kile kidhibiti cha volti, juu ya bati nene la kupooza kwa sababu itapata moto, kitasa cha kubadilisha volti chenye kikomo cha 12, na swichi ya miguu sita ya kugeuza mbele na nyuma. LM317 hujizuia yenyewe reli zikipigwa shoti, na kwa wanafunzi zitapigwa. Hapo utakuwa bado ndani ya 12,000.

Ukiipata dizeli, nipigie picha ya tumbo lake kifuniko cha gia kikiwa kimetolewa, na uweke rula kando. Lazima nihesabu meno na nijue unene wa ekseli kabla ya kuagiza.