Hosti amekalia pachi ya sudo tangu Juni, ati shimo ni "la ndani tu"

Wasee nimechoka, mnivumilie uzi ni mrefu.

Niko na saiti saba za wateja kwa seva moja ya kugawana (wateja wengi, mashine moja) hapa Nairobi, jina la hosti, yaani kampuni yenye seva, siweki. Moja ni ya shule huko Kasarani na database yake iko na majina ya wazazi, namba za simu na balansi za karo. Shikeni hiyo kwanza.

Mwezi jana nikasoma vizuri kuhusu lile shimo la usalama la sudo, programu ya Linux inayompa mtu nguvu za msimamizi. Namba ya shimo ni CVE-2025-32463. Kwa wenye hawajafuatilia, liligunduliwa na Rich Mirch wa Stratascale, likatangazwa 30 Juni 2025 na sudo 1.9.17p1 ikatoka na marekebisho, yaani pachi. Shida ni ile opsheni ya chroot, -R, inayoambia sudo ichukue folda fulani kama ndio mfumo mzima. Mtu anatengeneza folda yake, anaweka nsswitch.conf yake (faili la mipangilio) mle ndani, sudo inaisoma kama ya mfumo wenyewe halafu inapakia laibrari ya huyo mtu ikiwa na nguvu za ruti, msimamizi mkuu wa mashine. Na si lazima awe kwa sudoers, ile orodha ya wenye ruhusa ya kutumia sudo! Akaunti yoyote ile, hata ya kuweka blogu ya mapishi.

Nikaingia terminali, sudo --version, 1.9.15p5. Sikupiga kelele bado, maana Ubuntu, Linux ya hiyo seva, huweka pachi bila kubadilisha hiyo namba, kwa hivyo nikacheki paketi yenyewe na dpkg, amri ya kuonyesha paketi zilizowekwa. Hakuna pachi, ni ile ile iliyokuja na Ubuntu 24.04 siku walipoiweka.

Nikafungua tiketi, siku nne kimya, halafu hii: "Ndugu mteja, tatizo hili ni la ndani, mshambulizi lazima awe na akaunti kwenye seva kwanza, kwa hivyo hauko hatarini." Tiketi ikafungwa.

Awe na akaunti kwanza? Jameni, si hiyo ndio kitu mnauza? Nikisoma /etc/passwd naona akaunti zaidi ya mia mbili za watu siwajui. Yeyote akilipa na M-Pesa anapewa akaunti na terminali kabla chai ipoe. Na hata asilipe, jirani mmoja tu akiwa na plugini ya WordPress hajaigusa miaka tatu, mdukuzi anapitia kwake na ashaingia. Hii ni kama ploti ya Pipeline, wapangaji mia mbili geti moja, halafu keateka anakuambia kufuli ya mlango wako inafunguka na kijiko lakini usijali, ni mtu ako ndani ya geti pekee anaweza kuifungua. Sasa hao wengine wote wako wapi??

Nikapiga simu. Dada aliyeshika alikuwa mpole, sina ugomvi na yeye, akanipitisha kwa fundi. Fundi ananiambia boss, tukiapdeti itabidi tuributi seva na wateja watalalamika saiti zimelala. Hapo ndio nilikasirika kabisa kwa sababu si kweli. Sudo si kerneli (kiini cha mfumo), ni programu ya kawaida, ukiweka paketi mpya mwenye ataita sudo baada ya hapo anapata mpya, hakuna kuributi, hakuna saiti inalala, ni kazi ya dakika moja. Na kama hata hiyo ni ngumu, kwa seva kama hii hakuna mteja anahitaji sudo, toeni setuid, ile alama inayoifanya iendeshwe na nguvu za ruti, mpaka mjipange.

2022 wakati wa PwnKit, lile shimo la pkexec (programu nyingine ya kazi kama ya sudo) lililokaa tangu 2009, hosti niliyekuwa naye alitoa setuid usiku huo huo na asubuhi tukapata SMS. Alikuwa mdogo kuliko hawa.

Halafu nikacheki uptime, muda seva imekaa bila kuributiwa: siku 391. Yani pachi zote za kerneli za mwaka mzima, hata kama wamezidaunilodi, zimekaa tu kwa diski zikingoja mashine iwashwe upya, na laivupachi (njia ya kupachi kerneli bila kuributi) hawana, nimeuliza.

Na msiniambie hakuna mtu anatumia hilo shimo. 29 Septemba 2025 CISA, idara ya usalama wa mitandao ya Marekani, imeliweka kwa orodha yao ya mashimo ambayo tayari yanatumiwa kushambulia watu. Mdukuzi akipata ruti anasoma database ya shule na anafuta logi, sasa tutajuaje? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inapea shule masaa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu wajue data imetoka. Mwalimu mkuu ataniuliza mimi, hatamuuliza huyo fundi, na wazazi nao watamuuliza mwalimu.

Ya shule niliihamisha Jumamosi usiku, nililala saa kumi. Zile sita bado ziko kule kwa sababu ya barua pepe na pesa ya mwaka mzima imelipwa, refandi wamekataa. Kama wewe pia uko kwa hosti wa kugawana, andika dpkg -l sudo uweke hapa unaona nini, jina la kampuni ukitaka liache.

Leo asubuhi nimefungua tiketi ya tatu. Sijaandika maneno mengi, ni mistari miwili, wa kwanza unaapdeti sudo, wa pili unatoa setuid:

apt install --only-upgrade sudo
chmod u-s /usr/bin/sudo

Wachague mmoja, wakopi, wapesti. Mpaka saa hii naona "imepokelewa".