Mjadala: Mfilisi analipwa kwanza, lakini bili yake inaidhinishwa na nani?

Msambazaji, Industrial Area

Wadau, naomba tulijadili hili bila matusi. Kampuni ikifilisiwa hapa Kenya, Sheria ya Ufilisi ya 2015 inapanga foleni ya malipo. Wa kwanza ni mfilisi mwenyewe, yule anayeuza mali ya kampuni na kuwalipa wadai: ujira wake pamoja na gharama zake. Wanafuata wafanyakazi, kwa mishahara ya miezi minne ya mwisho isiyozidi shilingi 200,000 kwa mtu. Halafu kodi. Benki yenye dhamana ina mlango wake pembeni, inauza kiwanja ilichoshikilia. Sisi tuliopeleka unga na sabuni kwa mkopo tuko mkiani.

Sipingi mfilisi kulipwa, kazi ni kazi. Ila kila shilingi inayoongezeka kwenye bili yake haitoki kwa benki iliyojilinda, wala kwa mwenye kampuni aliyeiangusha. Inatoka kwa yule wa nyuma kwenye foleni ambaye bado angeambulia kitu. Chukueni Nakumatt, ile supamaketi yenye matawi mengi. Iliwekwa chini ya msimamizi, anayejaribu kuiokoa kampuni kabla haijafilisiwa, Januari 2018 ikiwa na madeni ya mabilioni. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe, na matawi sita yaliyosalia yakaenda kwa supamaketi shindani, Naivas, kwa shilingi milioni 422. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba ukiweka milioni 422 mbele ya madeni ya mabilioni, kisha ukaondoa wenye dhamana na gharama za miaka miwili, msambazaji hahitaji kalkuleta.

Pendekezo langu ni mfilisi alipwe asilimia ya anachogawa badala ya kutoza kwa saa. Marekani wanafanya hivyo kwenye kesi za Sura ya 7 ya sheria yao ya ufilisi, zile za kuuza mali na kugawa. Anayesimamia mali ya mufilisi hawezi kupita 25% ya dola 5,000 za mwanzo anazogawa, 10% hadi kufika 50,000, 5% hadi milioni moja, na 3% kwa kinachozidi hapo. Akigawa dola 100,000, kikomo chake ni dola 8,250. Kila mdai anaweza kupiga hesabu hiyo mwenyewe.

Mhasibu wa Nyali

Ndugu Msambazaji, umeleta nusu ya sheria ya Marekani. Kesi nyingi za Sura ya 7 hazina mali yoyote ya kugawa. Humo msimamizi alikuwa anapata dola 60 kwa kesi nzima, kiwango cha mwaka 1994 kilichodumu zaidi ya miaka 25, mpaka sheria iliyotiwa saini Januari 2021 ilipofungua njia ya kufika 120. Wanaishi kwa zile kesi chache zenye kitu.

Asilimia ina ubaya wake pia. Mimi mfilisi nikilipwa hivyo nitauza haraka kilicho na mnunuzi, nichukue changu, nifunge faili. Nani atakaa miezi minane akimfukuzia mkurugenzi aliyehamishia malori kwa jina la shemeji? Kazi hiyo inakula muda na pengine haileti kitu.

Na kwenye kampuni kubwa hao hao Wamarekani wanatoza kwa saa. FTX, soko la sarafu za kidijitali kama Bitcoin, ilipoanguka Novemba 2022, John J. Ray aliyekabidhiwa usukani alitoza dola 1,300 kwa saa. Kelele zilikuwa nyingi. Mahakama ikateua mkaguzi wa bili, na mpango uliopitishwa Oktoba 2024 ukawaahidi karibu wateja wote zaidi ya walichodai, kwa bei za siku ya kufilisika.

Keshia wa zamani

"Kwa bei za siku ya kufilisika." Hapo umepita mbio sana, Mhasibu. Bitcoin Novemba 2022 ilikuwa chini ya dola 17,000. Mpango unapitishwa ilikuwa imevuka 60,000. Soko lilipanda, na sasa bili inataka kuchukua sifa.

Mimi nilikuwa keshia kwenye duka moja lililofungwa, silitaji. Tangazo la mkutano wa wadai lilitufikia kwa WhatsApp ya wenzangu, mkutano wenyewe siku ya kazi, katikati ya mji. Wengi wetu tulikuwa tumeshapata vibarua kwingine na hakuna bosi mpya wa kukuruhusu. Waliokaa kwenye viti ni mawakili wa benki. Bili ikapita.

Mkazi wa Temeke

Huku kwetu Tanzania, benki ikifa kazi inapewa taasisi ya umma. Benki Kuu (BoT) ilipofuta leseni ya benki ya FBME Mei 2017, kisha za Covenant, Efatha, Njombe, Kagera Farmers na Meru Januari 2018, mfilisi alikuwa Bodi ya Bima ya Amana. Kwa nini kampuni za kawaida zisiwe na utaratibu kama huo? Serikali ifilisi, mchezo uishe.

Mhasibu wa Nyali

Kwa sababu bodi hiyo inachangiwa na mabenki kila mwaka, mkuu. Ina mfuko kabla benki yoyote haijafa. Supermaketi iliyokufa imechangia mfuko gani? Na waulizeni wenye amana zilizozidi kikomo cha bima, ambacho wakati ule kilikuwa shilingi milioni 1.5, kama mchezo uliisha.

Wakili kijana

Mnabishana saa au asilimia kana kwamba hakuna njia ya tatu. Sheria yetu ya 2015 imefuata sana ya Uingereza. Kule, tangu Oktoba 2015, anayetaka kulipwa kwa saa lazima kwanza awape wadai makadirio: kazi gani, saa ngapi, jumla ngapi. Hawezi kuvuka jumla hiyo bila kurudi kwao.

Ila kuna kipengele ambacho Msambazaji hatakipenda. Kampuni ikiwa chini ya msimamizi, naye akatamka kwamba wadai wasio na dhamana hawatapata kitu zaidi ya fungu dogo walilotengewa kisheria, idhini ya bili inahamia kwa wenye dhamana. Wazo ni kwamba bili inakata kwao, basi waamue wao.

Msambazaji, Industrial Area

Hapo sasa umenigusa. Nakubali makadirio, na asilimia naiacha, hoja ya malori imenishinda. Lakini sikiliza ulichosema: anayetamka kwamba mimi sitapata kitu ni yule yule ambaye bili yake inasubiri kura! Akiandika mali ina thamani ndogo, mimi natoka kwenye chumba. Baadaye ikiuzwa kwa bei nzuri, bili imeshapitishwa na mtu ambaye shilingi hiyo haikuwa yake.

Ninachotaka ni kura ibaki kwa yeyote ambaye bado anaweza kupata hata senti, na ukimya usihesabiwe kuwa ndiyo. Keshia apige kura kwa simu. Mbona chama chake cha akiba na mikopo kinaweza?

Mhasibu wa Nyali

Kura kwa simu sina neno. Ukimya usiwe ndiyo, hapo nagoma: wadai 400, wanajibu kumi na mmoja, mimi nalipa walinzi wa ghala kwa pesa gani nikiwasubiri wengine?

Lakini hilo la tamko una haki. Mpokeaji Rasmi wa serikali (Official Receiver) ndiye anayetupa leseni sisi wafilisi. Makadirio na tamko la thamani vipelekwe kwake siku ile ile vinapopelekwa kwa wadai, na awe na siku 14 za kupinga. Asipopinga, kura iendelee na wale waliojitokeza.

Keshia wa zamani

Siku 14 sawa. Na ada yake ya kusoma hayo makaratasi isiingie kwenye foleni mbele yetu.