Kadi ya Jordan ya 1986 mnadani: nitaijuaje kuwa si bandia?

MwanaTanga (Columbus, Ohio)

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea, anatimiza miaka 50 mwezi ujao. Yeye ndiye aliyenifundisha mpira wa kikapu pale Tanga, na kanda za video za Chicago Bulls alizokuwa akiazima kwa rafiki yake wa Mombasa tulizitazama mpaka picha zikaanza kukatika. Nimekusudia kumpa kadi ya wakusanyaji yenye picha ya Michael Jordan, iliyotolewa na kampuni ya Fleer mwaka 1986, ile namba 57, ambayo Jordan anaonekana amepaa na mpira mkononi.

Nimeiona katika mnada mmoja wa mtandaoni. Dau limefika dola 640 na zimebaki siku mbili. Kadi haijapimwa wala haimo ndani ya kasha la kampuni yoyote ya upimaji, yaani zile zinazokagua uhalisi na hali ya kadi. Muuzaji anasema aliikuta katika sanduku la marehemu mjomba wake, kwamba yeye hana ujuzi wa kadi, kwamba kila mtu aangalie picha na kuamua mwenyewe, na kwamba ikishauzwa hairudishwi. Picha ni mbili tu, zimepigwa kwa mbali, na kadi imo ndani ya mfuko wa plastiki unaorudisha mwanga. Pembe zake ni kali kana kwamba imekatwa leo asubuhi. Je, inawezekana kuitambua kadi bandia kwa picha peke yake? Na nikiinunua, nikague nini itakapofika?

Mchapaji Mstaafu (Toronto)

Mwanangu, nilifanya kazi ya uchapaji wa ofseti kwa miaka 31, kwanza Nairobi na baadaye hapa Kanada, kwa hiyo nitakujibu kwa upande wa wino na karatasi, maana huko ndiko mghushi anakoshindwa kujificha.

Chukua kioo cha kukuzia, kile kidogo cha masonara kinachokuza mara kumi. Ukitazama picha ya mchezaji katika kadi halisi ya miaka ile, utaona kwamba hakuna picha kamwe, bali kuna vidoti vya rangi nne, yaani buluu, majenta, njano na nyeusi, vilivyopangwa kwa utaratibu hata vikafanya mfano wa maua madogo. Hivyo ndivyo ofseti inavyochapa picha. Sasa sogeza kioo mpaka kwenye maandishi meusi na kwenye mstari mweusi unaoizunguka picha. Hapo hutakiwi kuona vidoti. Weusi wa maandishi hauhitaji kuchanganywa na rangi nyingine, hivyo wino hulala mzito, umejaa, na kingo za herufi ni safi.

Mghushi hana bamba za awali za kiwanda. Anachofanya ni kuipiga skani kadi halisi na kuichapa upya, na skani haitofautishi herufi na picha: kwake vyote ni picha. Ndiyo maana katika kadi nyingi za bandia utaona hata herufi za nembo ya Fleer zimejengwa kwa vidoti, au kingo zake zina ukungu wa rangi. Pia, kwa kuwa anavichapa vidoti vipya juu ya vidoti vya zamani alivyovipiga skani, mara nyingi hutokea mawimbi kwenye uso wa mchezaji au kwenye jezi, ambayo macho matupu huyaona kama picha iliyofifia kidogo. Akitumia printa ya kawaida ya wino, vidoti havina mpangilio wowote, vimetawanyika kama mchanga.

Jambo la pili ni kwamba usiikague kadi hiyo peke yake. Seti ya Fleer ya 1986 ina kadi 132, na nyingi kati yake ni za wachezaji ambao hakuna anayewagombania, kwa hiyo unazipata kwa dola chache tu. Nunua moja. Zote zilitoka kiwanda kimoja, kwa karatasi ileile na wino uleule. Iweke kando ya ile unayoishuku, linganisha unene, uzito, mng'ao, rangi ya upande wa nyuma, kisha uzishike zote mbili mbele ya taa ya tochi uone mwanga unavyopenya. Kadi mbili za tumbo moja zikionyesha tofauti kubwa, mojawapo si ya ukoo huo. Kipimo chake ni inchi 2.5 kwa 3.5, ikipungua kwa kiasi kinachoonekana ukiilinganisha na mwenzake, huenda ni bandia, au ni halisi iliyokatwa kingo ili pembe zionekane kali, na huo nao ni udanganyifu unaoiporomosha thamani. Kadi ya kikapu maarufu kuliko zote za miaka ile kuwa na pembe za leo asubuhi, kama ulivyosema, ilitakiwa ikutie wasiwasi kabla ya kitu kingine chochote.

Bi Zuwena (London)

Mimi niliumia kwa kadi ya Messi, ile ya Panini ya msimu wa 2004-05, kwa hiyo nimesoma swali lako kwa uchungu. Muuzaji wangu naye alikuwa na mjomba. Picha zilikuwa nzuri mno, na baadaye nilipozitafuta kwa kutumia picha yenyewe badala ya maneno, nilizikuta katika tangazo la zamani la mtu mwingine kabisa. Kadi iliyonifikia ilikuwa nyepesi, inateleza mkononi, na mwanangu wa miaka 14 aliiweka kati ya kadi zake nyingine za seti hiyo akaitambua bila kufikiri.

Kilichoniokoa ni kwamba nililipa ndani ya mfumo wa mnada wenyewe, ingawa muuzaji alinibembeleza nimtumie fedha moja kwa moja ili anipunguzie bei. Nilifungua malalamiko siku ileile nikiambatanisha picha za kadi zote mbili kando kwa kando, na baada ya wiki tatu nilirudishiwa. Ndugu yangu, maneno "hairudishwi" yasikutishe wala yasikuzuie kudai, kwa sababu mara nyingi kitu kisicholingana na maelezo yake hakilindwi na sharti hilo. Lakini soma maelezo hayo hadi neno la mwisho. Wapo wanaoandika chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba kadi ni chapisho la marudio, halafu kichwa cha tangazo hakisemi lolote.

Mkusanyaji wa Zamani

Naongezea kuhusu makasha, kwa sababu najua utakachofikiri sasa: basi nitafute iliyokwisha kupimwa. Ni wazo zuri, lakini nalo lina mtego wake. Kampuni kama PSA huikagua kadi, huipa alama hadi 10, kisha huifunga katika kasha la plastiki lenye namba ya cheti. Kadi hii ya Jordan yenye alama 10 iliuzwa kwa dola 738,000 mwezi Januari 2021, na penye fedha za namna hiyo hata kasha hughushiwa. Mwezi Mei 2024 waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki watu wawili kwa mpango wa zaidi ya dola milioni 2 wa kuuza kadi zilizotiwa katika makasha yenye alama za uongo.

Kwa hiyo namba ya cheti iingize wewe mwenyewe katika tovuti ya kampuni, usibofye kiungo anachokupa muuzaji. Hata ikitokea kuwa namba ipo, haijatosha, kwa maana mghushi hunakili namba ya kadi halisi iliyo kabatini kwa mtu mwingine. Pale tovuti inapoonyesha picha, linganisha jinsi picha ilivyokaa katikati ya kingo, na alama ndogondogo za wino: hizo hazifanani kwa kadi mbili.

Kwa hiyo ya dola 640, muombe muuzaji picha ya karibu ya nembo, nje ya mfuko, kukiwa na kikaratasi chenye tarehe ya leo kando yake. Mwenye kadi mkononi hushindwa vipi kufanya hivyo?

MwanaTanga (Columbus, Ohio)

Shikamoo mzee wangu wa Toronto, na asanteni nyote. Sikuweka dau.

Jana baada ya kazi nilipita katika duka la kadi hapa mjini nikanunua kadi moja ya seti ya 1986 kwa dola 4, ya mchezaji ambaye sikuwahi kumsikia, na kioo cha kukuzia. Nilikaa mezani jikoni nikaona yale maua ya vidoti kwenye jezi yake, kisha nikasogea kwenye mstari mweusi, na ukawa mweusi mtupu, kama alivyosema mzee.

Muuzaji alinijibu usiku. Kikaratasi cha tarehe hakikuwepo, lakini picha ya nembo alituma, na nadhani hakujua alichonitumia. Nilipoikuza kwenye skrini, kila herufi ya neno Fleer ilikuwa imejaa vidoti vyekundu na vya buluu, na ule mstari mweusi ulikuwa na ukungu pande zote mbili. Nimeliripoti tangazo kwa wenye mnada na kuambatanisha picha hiyo pamoja na ya kadi yangu ya dola 4. Mpaka ninapoandika, bado lipo, na dau limefika 815.

Mchapaji Mstaafu (Toronto)

Marahaba, mwanangu. Waandikie tena leo, na wengine wote mliosoma hapa liripotini tangazo hilo kabla muda haujaisha, maana huyo aliyeweka 815 huenda naye ana kaka.