Tupeane uzoefu: usingizi ukikata saa tisa usiku na mawazo yakaanza, huwa unafanyaje?

Mleta mada

Wakuu, habari za majukumu.

Tuizungumzie ile saa tisa ya usiku. Umelala vizuri tangu saa nne, hujaota jinamizi, wala hakuna mlevi aliyepita dirishani akiimba. Macho yanafunguka yenyewe na kichwa kinaingia kazini: ada ya mtoto, maneno ya bosi ya Ijumaa, kile kiuvimbe shingoni, mpangaji mwenzako aliyekununia. Mambo hayohayo mchana ulikuwa nayo, na wali wako ulikula ukamaliza. Usiku yanaota pembe.

Katika kusoma kwangu, kilichonituliza ni kujua kwamba kuamka kwenyewe si ugonjwa. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90. Ule mzito tunaumaliza zaidi nusu ya kwanza ya usiku, na kuelekea alfajiri tunabaki na mwepesi, huku homoni ya kotisoli ikianza kupanda kuuandaa mwili uamke. Wengi huzinduka kidogo saa hizo, wakageuka upande wa pili, na asubuhi hawakumbuki. Shida ni pale unapozinduka ukakuta kuna jambo linakusubiri.

Na tafadhali, asije mtu na "usiwaze sana". Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wagonge kengele. Kengele ziligongwa. Kibaya zaidi, baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Kulifukuza wazo ni kuliita.

Nataka ya kwenu: nini kilikuwa kinakuamsha, na ulifanya nini?

Bodaboda, Mbagala

Kilichokuwa kinaniamsha mimi kina jina na kina siku: marejesho. Pikipiki ya mkataba, hesabu ya tajiri kila jioni, halafu mama akalazwa tukaingia kausha damu, ile mikopo ya kikundi yenye riba kali. Kikundi kinakaa Jumatatu asubuhi, kwa hiyo Jumapili usiku mimi ni mlinzi wa nyumba. Namsikia jogoo wa jirani anavyojikohoza kabla ya kuwika.

Watu waliniambia nipunguze msongo, nifanye mazoezi. Mazoezi gani tena, nashinda juu ya pikipiki! Mke wangu ndiye aliyechukua daftari la hesabu la mtoto, akapiga mistari, akaniambia nitaje mmoja mmoja anayetudai, hata yule wa vocha. Deni halikupungua hata mia. Ila tulijua lipi linauma kwanza na lipi linaweza kungoja, na kesho yake tulikwenda wote kwa mwenyekiti wa kikundi kabla siku haijafika, tukaomba rejesho ligawanywe. Alifoka, kisha akakubali.

Ninachosema: mawazo mengine siyo ugonjwa, ni deni. Hilo unalimalizia mchana, umevaa viatu.

Muuguzi, Morogoro

Huyo mke wa bodaboda apewe maua yake. Kuna utafiti wa Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, uliochapishwa 2018. Watu walilala maabara. Kundi moja liliandika kwa dakika tano kabla ya kulala mambo wanayopaswa kufanya siku zijazo, jingine likaandika yale waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika ya mbele waliwahi kupata usingizi kwa takriban dakika tisa, na aliyeandika kwa kina zaidi aliwahi zaidi.

Sisi wodini hatuondoki bila kutoa ripoti. Kitanda namba nne dripu inaisha saa mbili, namba saba anangoja majibu ya damu. Ukishamkabidhi mwenzako, unaweza kwenda nyumbani. Basi nami nyumbani naandika ripoti: jambo, nani wa kumpigia, lini. Sijiandikii "maisha magumu". Naandika "Jumatano, kumuuliza fundi kuhusu paa".

La pili, ukiona kama dakika 20 zimepita hujalala, toka kitandani. Usiangalie saa, kadiria tu. Ushauri huu upo tangu 1972, ulitolewa na mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, na mpaka leo ni sehemu ya tiba inayopendekezwa kwanza kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu, kabla ya vidonge. Ukigaagaa kitandani kila usiku, mwili unazoea kwamba kitanda ni pa kuwazia.

Na kahawa ya jioni tuiache. Nusu ya kafeini yake bado inakuwemo mwilini saa tano hivi baadaye.

Wa Kisauni, Mombasa

Mie nikiamka saa hizo huinuka nikatia udhu, nikaswali tahajjud, swala ya usiku. Maji baridi, kisha rakaa mbili, kisha yale mambo nayataja moja moja kwa Mola. Kuna usiku natulia hata kabla sijatoa salamu, na kuna usiku akili inakwenda sokoni nami nimesujudu. Sasa sijui dada muuguzi, ni swala au ni huko kutoka kitandani. Mie nachukua vyote.

Mfanyakazi wa ndani, Muscat

Mimi ni simu. Nyumbani wananitumia sauti za dakika nzima nzima usiku: bati limevuja, mdogo wako amefukuzwa shule, mjomba anaomba. Nikimaliza vyombo vya chakula cha usiku ndipo nasikiliza, nimelala kwenye chumba changu karibu na mashine ya kufulia. Nitafanya nini saa sita ya usiku, nami mshahara mpaka mwisho wa mwezi?

Nikawaambia: shida zote Ijumaa mchana, siku yangu ya kupumua. Siku nyingine nitumieni salamu na picha za watoto. Msiba na ugonjwa, hizo pigeni wakati wowote. Dada yangu akanuna, akasema nimekuwa Mwarabu. Amezoea.

Mchangiaji, Arusha

Wanaume tusidekezane. Babu zetu walikuwa na matatizo kuliko haya na hawakuandika daftari wala ripoti. Walilala.

Mleta mada

Mkuu, babu yako alikuwa na wazee wenzake jioni, wanakaa mpaka moto unazima, wanaambiana. Wewe jioni unakaa na nani? Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwatumia bibi wa mtaani, wamefundishwa kusikiliza, wanakaa na mtu kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Matokeo yalipopimwa na kuchapishwa 2016, waliopitia benchi walikuwa na dalili chache za huzuni na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hao bibi hawadekezi mtu.

Mwalimu, Iringa

Naomba niongeze upande ambao haujaguswa. Mimi nilikuwa naamka saa kumi kila siku na sikuwa na wazo lolote. Hakuna deni, hakuna ugomvi. Uzito tu. Chakula hakina ladha, mpira niliokuwa naupenda hata matokeo siulizi, darasani naandika ubaoni nasahau nilichokuwa nakiandika. Duka la dawa waliniuzia dayazepamu bila swali. Zililaza, kisha zikawa hazitoshi.

Hospitali ya mkoa wakaniambia ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Dayazepamu walinipunguzia taratibu, kwa sababu kuziacha ghafla ni hatari, wakanipa dawa nyingine iliyochukua wiki kadhaa kufanya kazi, pamoja na mazungumzo na mshauri. Hali kama hiyo ikizidi wiki mbili, usiendelee kutafuta mbinu za usingizi. Na ikifika unatamani usiamke kabisa, mwambie mtu siku hiyohiyo, akusindikize hospitali.

Bodaboda, Mbagala

Mwalimu, pole sana, na asante kwa kusema. Dada muuguzi, swali. Sisi tunaolala chumba kimoja na watoto watatu, hiyo ya kutoka kitandani tunakwenda wapi?

Muuguzi, Morogoro

Si lazima uende mbali. Kaa kwenye stuli, miguu chini, taa usiwashe na simu usishike. Usingizi ukirudi ndipo upande.

Bodaboda, Mbagala

Stuli ina nguo za kufua. Nitazihamisha.